Hema Lisilovuja

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimesema uongo dukani, tena uongo wa neno moja. Dada anayeuza mahema aliniuliza, "Nyumbani mko wangapi?" Nikajibu, "Wanne." Tuko watano.

Chanzo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kwetu tumempachika jina la Kamanda, maana hawezi kuona watu wawili wamesimama bila kuwapanga mstari. Ameamua kwamba mwaka huu familia zetu zitapiga kambi pamoja kule ziwani, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye hema analo. Picha zake tumetumiwa mpaka simu zimechoka. Mimi sina, na siko tayari kulala kwenye hema la kuazima mbele ya Kamanda.

Yule dada anaijua kazi yake. Alinipitisha kwenye mahema ya poliesta, mepesi, ya kubeba kwa mkono mmoja, halafu akanipeleka kwenye lile la polikotoni, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta. Zito kama mgonjwa. Lakini duka limeezekwa mabati na jua lilikuwa kali. Ndani ya yale mepesi nilitoka jasho, ndani ya hili nilipumua. Akasema pamba inapitisha hewa, kwa hiyo asubuhi hamtaamka mkidondokewa na jasho lenu wenyewe. Kwenye baridi linatunza joto. Mvua ikinyesha nyuzi zinavimba, zinaziba zenyewe. "Ila usiguse kwa ndani mvua ikiwa kubwa," akaniambia. "Ukigusa, maji yanafuata kidole."

Mimi ni mkaguzi wa majengo. Kula yangu ni kutafuta maji yameingilia wapi. Maneno yale yalinikaa rohoni.

Yapo ya watu wanne, na yapo ya watu sita yenye vyumba viwili. Nikasema wanne. Nashukuru sikulipa, niliaga tu kwamba nitarudi.

Jumapili, 3 Machi

Mke wangu ameitazama picha ya hema kwenye simu yangu. Swali lake likawa moja: "Na Baba atalala wapi?"

Nikaanza kujiumauma. Baridi, umri, ardhi ngumu, labda mwenyewe hatapenda.

"Umemuuliza?"

Sikumuuliza. Niandike basi lililonizuia. Tangu mwaka jana Baba anakojoa kitandani. Si kila siku, ila inatokea. Mkono umesita kuliandika hilo, kwa sababu nyumbani kwetu halijawahi kutamkwa. Baba akiamka na tatizo anakunja shuka lake, analitia kwenye beseni, analimwagia maji. Mke wangu akiliona anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nimeshikwa na hamu ya kufua," kisha anavua mashuka ya vitanda vyote, hata yaliyotandikwa jana. Yote yanafuliwa, yote yanaanikwa, na hakuna ajuaye lipi lilikuwa la nani. Hakuna aliyemfundisha. Mimi mtoto wa kumzaa, mchango wangu siku hizo ni kusoma gazeti.

Nilichoogopa ni harufu mbele ya Kamanda. Nimemwonea aibu baba yangu, na sasa najionea aibu mimi. Hii ya pili ndiyo imeninyima hamu ya kula mchana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Hakuna jipya.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelinunua la watu sita. Dada wa dukani akakumbuka. "Si ulisema wanne?"

"Tumeongezeka."

"Jamani, hongereni! Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," nikamjibu. Alinipa vigingi vya ziada kama zawadi ya mtoto.

Baba alikuja uani tulipokuwa tunalifungua. Ni fundi cherehani mstaafu, sare za nusu ya mji huu zilipita mikononi mwake. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua, akasema kina pumzi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Na mimi nimo?"

"Chumba chako hiki hapa, Baba. Wewe na Kitinda." Kitinda ni binti yetu wa mwisho, ana miaka minane, na kwake yeye babu ndiye rafiki mkubwa kuliko wote.

Baba alifurahi waziwazi. Aliingia ndani ya kile chumba, akafunga zipu, akafungua, akafunga tena. Mimi nikajifanya nahesabu fito.

Jumapili, 10 Machi

Hema la pamba likiwa jipya lazima linyweshwe maji kwanza, likauke, ndipo nyuzi zikae sawa. Nililimwagilia kwa mpira wa bustani. Awamu ya kwanza lilivuja kwenye mishono, kama nilivyoambiwa. Likakauka. Awamu ya pili nilijifungia ndani na tochi huku binti mkubwa akimwaga maji kwa nje, akinuna kwa kutenganishwa na simu yake. Nikapitisha karatasi ya choo kwenye kila mshono, taratibu, kama ninavyofanya kwenye dari za watu. Karatasi ilibaki kavu.

Nilitoka nikiwa nimevimba kichwa. Nikampigia Kamanda. "Shemeji, hema langu halivuji hata tone."

"Tutaliona ziwani," akasema. "Yote hayavuji uani."

Alhamisi, 14 Machi

Nimewaonyesha wenzangu ofisini picha za hema. Mmoja akauliza kama nimezaa nalo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu amefua mashuka yote na hayana pa kukaukia. Yamening'inia sebuleni, kwenye viti, hata kwenye mlango wa jikoni. Tumekula chakula cha mchana katikati yake kama watu walio ndani ya hema. Baba alikula kidogo.

Ijumaa, 29 Machi

Baba kasema haendi kambini. Atabaki kuilinda nyumba.

Moyo wangu ulitua. Nauandika ukweli huo ili unisute: ulitua kabisa, kama mzigo umeshushwa. Nikasema, "Kama unaona hivyo, Baba." Sikumbembeleza hata kidogo. Nikaona mke wangu ananitazama kutoka jikoni, sufuria mkononi.

Kitinda ndiye aliyelia. Akasema kama Babu haendi basi naye atabaki kuilinda nyumba. Baba akamchukua wakaenda kukaa barazani, wakazungumza mambo yao, na waliporudi Baba akasema haya, ataenda, ila achukue godoro lake mwenyewe na mkoba wake mwenyewe, na mtu asimbebee. Mke wangu akasema, "Hakuna atakayeugusa, Baba."

Jumamosi, 6 Aprili

Ziwani. Tumefika kabla ya mchana. Kamanda alishaweka mawe kuonyesha hema lipi likae wapi. La kwake ni kubwa, la poliesta, rangi ya chungwa, linaonekana hata na marubani. Langu lilichukua muda kusimama, na fito moja nusura initoe jicho, lakini lilipowambwa likatulia, pana, zito, halipepesuki. Kamanda akalizunguka mikono nyuma. "Si baya," akasema. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Jioni wingu jeusi limekuja upande wa milima. Nimefurahi. Namwomba Mungu mvua inyeshe, Kamanda aone.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika nikiwa nyumbani, na sijui nianzie wapi.

Mvua niliyoiomba ilikuja. Ilipiga mpaka karibu na mapambazuko, ile ya matone mazito, na sisi ndani ya hema tulikuwa wakavu na wenye joto, hewa safi. Nilipotoka asubuhi nilimkuta Kamanda na mkewe na wanawe wawili wameketi nje wamejifunga mataulo. Hema lao halikuvuja, ila lilikuwa limetoka jasho ndani, na jasho lote liliwadondokea. Nikamsalimia kwa furaha ambayo haikuwa ya salamu tu.

Baba alikuwa ameamka kabla yetu sote. Alikuwa amevaa koti lake refu, na godoro lake alishalitoa, amelitundika kwenye kamba nyuma ya hema, upande wa miti. Kamanda akaliona.

"Ehe!" akapaza sauti. "Shemeji! Hema la kifahari limevuja! Mtazameni Mzee, amelowa mpaka godoro!"

Wakacheka, si kicheko kibaya. Ni kicheko cha watu waliolowa wanaopata mwenzao. Baba naye akatabasamu. "Limevuja kidogo," akasema. "Kosa langu. Nadhani niligusa juu kwa mkono nikiwa usingizini. Tuliambiwa tusiguse."

Kila kitu kilikuwa hapo. Alishakitengeneza mwenyewe, kimeshonwa vizuri, hakuna uzi unaoonekana. Nilichotakiwa kufanya ni kusema, "Pole, Baba," nikaenda kuchemsha chai.

Mimi nikasema, "Haiwezekani."

Nikaingia kwenye chumba chao. Nikatoa karatasi ya choo mfukoni, maana ninatembea nayo kama daktari na kipimo, nikaipitisha juu mahali alipolala, kwenye mshono, kwenye kona. Kavu. Nikapapasa sakafu. Kavu. Nikafikiri kama ninavyofikiri kazini: maji yanashuka, maji yana njia, maji yakikutwa mahali lazima yameacha alama yalikopita. Wala sikumfikiria Baba. Naapa wakati ule sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa nalifikiria hema.

Nikatoka nimeinua ile karatasi juu kama cheti. Nikawaeleza wote, kwa sauti ya ofisini, kwamba paa ni kavu, mishono ni mikavu, sakafu ni kavu, na lau Baba angegusa kitambaa kungekuwa na mchirizi ukutani, na mchirizi haupo. Nikafika mpaka kwenye godoro lenyewe, nikasema tazameni, limelowa katikati tu, kingo zote kavu, kwa hiyo haya maji hayakutoka juu.

Kitinda alikuwa amesimama na kikombe chake. Akauliza, bila ubaya wowote, "Kama hayakutoka juu, Baba, yametoka wapi?"

Hapo ndipo nilipolisikia nililolisema. Kamanda, mtu asiyenyamaza hata akiwa anatafuna, aliinama akaanza kuhangaika na jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri. Mwanawe mmoja akaanza kucheka puani, mama yake akamfinya.

Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Baba hakuchutama. Alimwangalia Kitinda, akamwambia kwa upole, "Yametoka kwangu, mjukuu wangu. Babu amezeeka."

Kisha akalishusha godoro kwenye kamba, akalikunja yeye mwenyewe, akalipeleka kwenye gari. Akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango. Nikaenda. Nikasimama dirishani. Alikuwa anatazama mbele, mikono magotini, kama abiria anayesubiri gari lijae. Nilisema, "Baba." Akasema, "Kanywe chai kwanza, safari ni ndefu."

Tulilikunja hema likiwa na maji, kosa kubwa kwa kitambaa cha pamba, litaota ukungu. Sikujali. Tulipokaribia nyumbani mke wangu alisema sentensi moja tu, akiitazama barabara: "Umeshinda. Hema lako halivuji."

Jumatatu, 8 Aprili

Natamani ardhi ipasuke inimeze. Nimelitandaza hema uani likauke. Sikuwa na uso wa kulitazama.

Jumatano, 10 Aprili

Baba amehamia kwa dada yangu. Alituambia wakati wa chai ya asubuhi, kwamba anataka kubadilisha hewa kidogo, na kwamba dada ana upweke tangu wanawe waende shule ya bweni. Hakuna neno la lawama hata moja ndani yake. Mke wangu alimfungashia nguo. Alichukua na cherehani yake ya mkono, na hapo ndipo nilipojua kwamba hiyo "kidogo" ni ndefu.

Kitinda hasemi nami. Hajanuna, amekosa tu la kuniambia. Nami vilevile.

Jumamosi, 13 Aprili

Mke wangu hajafua. Vitanda vyote viko vilevile tangu Jumatano, na kila nikipita mlangoni mwa chumba cha Baba naona godoro limesimamishwa ukutani.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwa dada. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Baba alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti kizuri, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza habari za barabara. Alinikaribisha chai kama mgeni, akaniuliza sukari ngapi. Baba yangu mzazi, aniulize sukari ngapi! Dada yangu alikuwa anatutazama huku na huku, hajui kilichotokea, maana Baba hajamwambia, nami niliona kwamba hajamwambia kwa ajili yangu.

Dada alipoingia ndani nikasema. Nikasema nimekosa, Baba, nisamehe, nimekuvunjia heshima mbele ya watu.

Akakoroga chai yake kwa muda. "Umekosa nini?" akauliza. "Ulisema kweli."

"Baba, ile haikuwa ya kusema."

"Ilikuwa kweli au haikuwa?"

"Ilikuwa kweli."

"Basi mtu haombi msamaha kwa kusema kweli. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa. Angenitukana ningelala. Wazee wamesema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilitaka pole kutoka kwa yule yule niliyemchoma.

Jumatatu, 29 Aprili

Kazini. Nyumba ya ghorofa, mama wa chini analalamika dari yake imelowa, anamlaumu mzee wa juu kwamba anaacha mabomba wazi. Walikuwa wanasubiri nitoe hukumu pale pale, wote wawili mlangoni, na majirani wamejaa ngazini. Mzee wa juu alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Nikawaambia nitawaeleza kila mmoja peke yake. Mama akasema kwa nini, si useme tu hapa? Nikasema hivi ndivyo ninavyofanya kazi. Ni uongo, sijawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Kamanda ametangaza kambi ya pili. Nilitaka kukataa, mke wangu akasema tutakwenda. "Ulikomwaga ndiko utakakozoa," akasema.

Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki.

"Jaribu," akasema.

Jumamosi, 11 Mei

Ziwani tena. Mchana wa wingu, manyunyu. Baba hayupo. Dada alipomuuliza kama angependa kuja alisema miguu inamuuma, na Baba miguu haijawahi kumuuma.

Hema lilisimama mara moja tu, siku hizi nalijua. Chumba cha Baba kilikuwa wazi, Kitinda ameweka mkoba wake kwenye kona moja kabisa kana kwamba nafasi iliyobaki ina mwenyewe.

Tulikuwa tunakula wote chini ya turubai la Kamanda. Kamanda alikuwa mpole leo, mpole wa mtu anayetaka kitu. Akalitazama hema langu, akakohoa, akasema, "Shemeji, nimechoka kuoga jasho langu. Nataka kununua la pamba kama lako. Niambie kwa dhati. Halivuji?"

Wote waliniangalia. Mke wangu aliacha kupakua. Wale watoto wawili wa Kamanda walitazamana, mkubwa akaanza kutabasamu, akikumbuka.

Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Linavuja."

"Linavuja?"

"Linavuja, tena vibaya. Juu ya pale alipolala Baba."

Kamanda akaweka kijiko chini. "Lakini si ulituonyesha karatasi? Si ulisema juu kavu?"

"Nilikagua vibaya."

"Wewe? Mkaguzi?"

"Mimi. Mshono ule unapitisha maji ikinyesha kubwa, ikikatika unakauka upesi, huwezi kujua. Nilishajigamba kwenu mwezi mzima kwamba halivuji, nikashindwa kukubali. Nikamsimamisha baba yangu mbele ya watu nikambishia. Na yeye alipoona nimejifunga mwenyewe na sina pa kutokea, akasema yametoka kwake. Alisema hivyo kunisitiri mimi, nisionekane nimenunua hema bovu."

Uso ulikuwa unaniwaka moto. Nilikuwa nadanganya, lakini aibu niliyokuwa naisema ilikuwa ya kweli, na nadhani ndiyo iliyoufanya uongo wangu usimame. Kitinda akauliza, "Kwa hiyo Babu alidanganya?"

"Alinisitiri. Kuna tofauti, mama."

"Na hukumwambia asante?"

"Sikumwambia."

Kamanda alikuwa ananitazama. Si mjinga, Kamanda. Aliliona godoro kwa macho yake, aliona limelowa wapi. Nilingoja acheke. Ikawa zamu yake kuchagua, na nilijua neno lake moja tu lingetosha kumwaga mtama wote upya mbele ya watoto.

Akawageukia wanawe. "Mmesikia? Huyo ndiye mzee. Mtu anabeba aibu ya mwanawe mgongoni na hasemi kitu. Na wewe uliyecheka siku ile, ole wako usimwombe radhi." Kisha akanigeukia, sauti yake ile ile ya kuwapanga watu mstari. "Nilijua tangu mwanzo. Haya mahema ya pamba yote ndivyo yalivyo. Heri langu la jasho. Shemeji, umeliwa!"

"Nimeliwa," nikasema.

Akacheka sana, akanipiga begani. Mke wangu akaendelea kupakua, na nyama kubwa kuliko zote akaiweka kwenye sahani ya kaka yake.

Jumapili, 12 Mei

Ilinyesha tena. Tumelala wakavu. Asubuhi Kamanda alitutembelea hemani akaona hakuna hata unyevu, akatazama juu, akasema kwa sauti kubwa, "Aisee, linavuja kweli!" akatoka.

Jumanne, 14 Mei

Baba amepiga simu. Kwanza habari za hali ya hewa, halafu habari za watoto. Kisha akasema, "Yule shemeji yako amenipigia. Anaongea sana."

"Ndiyo, Baba."

"Mwanawe naye akapewa simu, akaniomba radhi, sijui ya nini." Akaendelea, "Ameniambia hema lako linavuja."

"Linavuja, Baba."

"Na kwamba nilikusitiri."

Nikasema, "Ulinisitiri, Baba. Na sikusema asante."

Nikamsikia anashusha pumzi. "Basi msilitupe," akasema. "Nitakuja Jumamosi nilitazame huo mshono. Mwambie mama watoto nitakuja na cherehani."

Ijumaa, 17 Mei

Mchana wa jua, wa kwanza tangu wiki iliyopita. Nimeomba ruhusa kazini, nikalisimamisha hema uani. Nimelikagua kwa mara ya mwisho, kila mshono, juu ya mahali alipolala Baba. Halina kasoro. Nimekaa chini pale ndani nikalitazama, nikakumbuka jinsi nilivyolipenda, nikajiona mtu wa ajabu.

Kisha nikatoa wembe. Nikaanza kufumua mshono, kidogo kidogo, uzi baada ya uzi. Najua Baba ni fundi, akiugusa tu atajua uzi uliokatika wenyewe na uzi uliokatwa na wembe. Atajua, na hilo ndilo ninalotaka.

Mke wangu alipita na beseni la kuanika, akachungulia mlangoni. Alinikuta nimepiga magoti, mikono juu, wembe kwenye paa la hema nililolibeba kichwani miezi yote hii.

"Linavuja," nikamwambia.

Akaweka beseni chini. Akainama akaingia, akaja karibu, akautazama ule mshono kwa makini.

"Ongeza," akasema. "Macho yake si ya zamani."

Nikaongeza.